Kipimo cha Pumzi na Haki ya Apimwaye

Katika mambo ambayo binadamu hawezi kuyaazima kwa jirani, uwezo wa kuvuta pumzi ni la kwanza. Chumvi huazimwa, jembe huazimwa, na kijinga cha moto huombwa alfajiri bila ya aibu. Lakini mtu aliyepungukiwa na pumzi hana mlango wa kubisha hodi. Kwa sababu hiyo, asemapo mtu kwamba pumzi zake hazimtoshi, asema neno zito kuliko yule asemaye kwamba ana njaa au amechoka. Ubaya wa jambo lenyewe ni kuwa neno lake halionekani. Jeraha huonekana, homa huguswa kwa mkono, bali pumzi iliyopungua hujulikana na mwenyewe tu. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi msemaji huyu ahitaji shahidi, na shahidi anayeitwa siku hizi ni chombo. Swali la insha hii ni moja: je, shahidi huyu husema kweli kwa watu wote; na kama hasemi, je, kosa limo katika chombo au limo ndani yetu sisi tukitumiao?

Chombo hicho huitwa spirometa. Hapo kale kilikuwa kengele iliyofudikizwa ndani ya pipa la maji, ikaning'inizwa kwa kamba zenye mawe ya kuisawazisha. Apimwaye alivuta pumzi hata kifua kikajaa, akapuliza katika mpira. Hewa ikaingia chini ya kengele, kengele ikapanda, na kiasi cha kupanda kwake kikasomwa. Mtu aliyekipa chombo hiki sifa ni tabibu Mwingereza, John Hutchinson, aliyeitangaza kazi yake mjini London mwaka 1846, baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000: mabaharia, wazima moto, polisi, askari, maskini na waungwana. Aliona kuwa kiasi cha hewa awezacho mtu kukitoa hufuata urefu wake, hata akaweka kanuni kwamba kila inchi 1 ya urefu huongeza inchi 8 za ujazo wa pumzi. Kiasi hicho alikiita uwezo wa uhai, akatumaini kwamba makampuni ya bima yangekitumia kumjua mtu atakayeishi na mtu asiye na siku nyingi.

Miaka mia moja baadaye, mwaka 1947, Mfaransa Robert Tiffeneau na mwenzake walionyesha kuwa haitoshi kujua hewa ni kiasi gani, bali yapasa kujua pia yatoka kwa kasi gani. Tangu hapo hewa itokayo katika sekunde ya kwanza hulinganishwa na hewa yote. Mirija ya mapafu ikisinyaa kwa moshi au kwa pumu, sekunde ya kwanza hutoa kidogo. Mapafu yakikakamaa kwa vumbi la mawe, hewa yote hupungua. Mwaka 1959 Mwingereza B. M. Wright alitangaza chombo chepesi cha kupima kasi ya juu kabisa ya pumzi, na kutokana nacho vikazaliwa vile vipimo vidogo ambavyo wagonjwa wa pumu huviweka nyumbani. Spirometa za leo hazina pipa wala kengele. Nyingine hukaa kiganjani, hutambua mwendo wa hewa kwa feni ndogo au kwa mawimbi ya sauti, na kabla ya kumpima mtu zenyewe hupimwa kwa bomba la kusukumia hewa lenye ujazo wa lita 3 kamili. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia: chombo hupimwa kwanza, ndipo mtu apimwe.

Sasa tutazame namna tarakimu isemavyo. Mkulima wa kahawa wa Kibingo, katika ile nchi ya kale ya Karagwe ambayo leo imegawanyika kuwa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, aujua sana ubishi wa mizani. Aweza kumshuku karani, aweza kulishuku jiwe la mizani. Lakini hawezi kuishuku kilo yenyewe, kwa kuwa kilo ya Kibingo ni kilo ya Bukoba, na ni kilo ya Mombasa na ya Hamburg. Kilo haiulizi kahawa hii ni ya nani. Kipimo cha pumzi sivyo kilivyo. Mtu akipuliza lita 2 na desimali 2, tarakimu hiyo haisemi neno lolote mpaka iambiwe mpulizaji ni nani: mume au mke, ana umri gani, ana kimo gani. Kisha hutafutwa katika jedwali kiasi kinachotazamiwa kwa mtu kama huyo, na kile alichokitoa hugawanywa kwa kile alichotazamiwa kukitoa. Jawabu hutoka kwa asilimia. Hivyo basi katika kila kipimo cha pumzi wamo watu wawili: yule aliyeketi kitini akipuliza, na mwingine asiyeonekana, aliyemo katika jedwali, ambaye huyu wa kwanza hulinganishwa naye. Chombo kimempima mmoja tu. Yule wa pili tumemchagua sisi.

Hapa ndipo falsafa iingiapo bila ya kukaribishwa. Matabibu humwita yule wa pili mtu wa kawaida. Neno hili kawaida tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni msingi au kanuni. Na katika Kiswahili limebeba mizigo miwili kwa mara moja. Twasema ni kawaida ya mvua za vuli kuchelewa, yaani jambo hilo hutokea mara nyingi. Twasema pia kwamba mtu fulani amevunja kawaida, yaani amevunja kanuni iliyompasa kuifuata. La kwanza ni habari, la pili ni hukumu. La kwanza lasema mambo yalivyo, la pili lasema mambo yanavyostahili kuwa. Msemaji mwangalifu hutenga maana hizi mbili. Msemaji mvivu huzichanganya, akadhani kuwa jambo litokealo mara nyingi ndilo jambo listahililo. Jedwali la pumzi laweza kuwa msemaji mwangalifu, na laweza kuwa msemaji mvivu. Na historia yake yatufundisha kwamba kwa muda mrefu lilikuwa lile la pili.

Katika Marekani ya kusini, wakati wa utumwa, alikuwako tabibu jina lake Samuel Cartwright. Yeye alichukua spirometa akawapimia watu Weusi, akatangaza kuwa pumzi zao ni pungufu kuliko za Weupe kwa kadiri ya asilimia 20. Mtu mwenye haki angaliuliza: watu hawa wamekula nini, wamelala wapi, wamevuta hewa gani, wamefanya kazi gani tangu utoto? Cartwright hakuuliza. Alisema upungufu ule ni maumbile, na juu ya maumbile akajenga hoja kwamba kazi ya kulazimishwa shambani ndiyo dawa inayoyafaa mapafu yao. Angalia jinsi hoja ilivyozunguka kama ng'ombe wa kinu: utumwa ulimdhuru mtu, madhara yakapimwa, na kipimo kikarudishwa kuwa shahidi wa kuutetea utumwa. Mwaka 1869, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Benjamin Gould alichapisha vipimo vya maelfu ya askari, na humo pia pumzi za askari Weusi zilionekana kuwa chache. Tarakimu hizo zilinukuliwa na wengine, na wengine wakawanukuu hao, hata katika karne ya 20 tofauti ile ikaingizwa ndani ya vyombo vyenyewe. Mpimaji alitia rangi au taifa la apimwaye, na chombo kikapunguza kimyakimya kiasi kinachotazamiwa, aghalabu kwa asilimia 10 hata 15.

Ili jambo hili lisibaki hewani, na tuweke mfano. Tuseme yuko mwanamke ambaye kwa umri na kimo chake atazamiwa kutoa lita 2 na desimali 6. Apuliza, atoa lita 2 na desimali 2. Amepata asilimia 85 ya kilichotazamiwa. Amepungukiwa na karibu nusu lita, na tabibu mwenye busara atauliza kwa nini. Lakini mpimaji akikiarifu chombo kuwa mwanamke huyu ni Mweusi, na chombo kikapunguza matazamio kwa asilimia 15, sasa atazamiwa kutoa lita 2 na desimali 21 tu. Kwa pumzi ile ile aliyoipuliza, amefikia karibu asilimia 100. Ameambiwa kuwa ni mzima. Hakupewa dawa, hakuondolewa katika moshi wala vumbi, kifua chake hakikuongezeka hata kijiko kimoja cha hewa. Hata hivyo upungufu wake umetoweka. Umetowekea katika jedwali. Pengine ni kweli kwamba yu mzima; pengine si kweli. Ubaya ni kwamba swali limefungwa kabla ya kuulizwa.

Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa majedwali mapya yaliyokusanya vipimo vya watu 74,187 wenye afya kutoka nchi 26. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Walakini fungu lililoitwa la Weusi lilijengwa juu ya Wamarekani Weusi. Watu wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara hawakuwa na fungu lao. Kwa hiyo mtu wa Kibingo aliyepimwa kwa jedwali la Weusi alilinganishwa na mtu wa Chicago au wa Alabama, ambaye hakushiriki naye chakula, wala mwinuko wa nchi, wala historia. Mwaka 2022 watungaji wa majedwali hayo walitoa jedwali moja lisilouliza taifa, na mwaka 2023 chama cha matabibu wa kifua cha Marekani kikashauri kwamba litumike badala ya yale ya zamani. Ndivyo lilivyoishia katika vitabu jambo lililoanza katika mashamba ya pamba. Lakini jambo kuisha katika vitabu si kuisha duniani, maana vyombo vilivyotengenezwa kwa kanuni za zamani haviwezi kujisahihisha vyenyewe.

Msomaji asidhani kuwa mambo haya ni ya Marekani peke yake, na kwamba Karagwe haikujua kupimwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe, akapokewa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika. Katika nyumba ya mtawala yule wanawake walinyweshwa maziwa mengi, na unene ulikuwa heshima na uzuri. Speke alistaajabu, akataka kumpima shemeji mmoja wa Rumanyika. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 aliandika mzunguko wa mkono wake, wa paja lake, na wa kifua chake, ambao ulikuwa futi 4 na inchi 4. Kitabu kimezihifadhi tarakimu hizo mpaka leo, bali hakikumpa mwanamke yule nafasi ya kusema neno. Katika habari hiyo mna mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba kifua kile kilikuwa kawaida ya heshima kwa wenyeji na kioja kwa mgeni. Kipimo kilikuwa kimoja, hukumu zilikuwa mbili, na hukumu iliyosomwa duniani ni ya yule aliyeshika kalamu. La pili halitajwi sana: Speke mwenyewe asimulia kwamba ili akubaliwe kupima ilimbidi aahidi kumwonyesha bibi yule mikono na miguu yake mitupu. Aliliandika jambo hilo kama mzaha na chambo. Mimi naliona kuwa ndilo jambo la haki pekee katika mkutano ule. Mwanamke wa Karagwe alitaka kwamba amtazamaye atazamwe pia.

Tuje sasa Kibingo ya leo. Nchi ni ya migomba, maharage na kahawa ya robusta. Moto wa kuni huwaka chini ya sufuria ya ndizi asubuhi na jioni, na aupulizaye ni mwanamke, aliyeanza kuupuliza akiwa mtoto kando ya mama yake. Msimu wa kahawa ukifika, matunda huanikwa hata yakakauka, na yakikobolewa hutoa vumbi jingi. Katika vilima vya Kyerwa yamo madini ya bati, ambayo wachimbaji wadogo huyatafuta kwa sururu na nyundo katika miamba, na mawe yenye bati aghalabu huwa na lile vumbi gumu liumizalo mapafu kwa kudumu. Hapa pana aina tatu za hewa mbaya, na kila moja yalitaka lile swali letu: mtu huyu alinganishwe na nani?

Kwa mfanyakazi wa kiwanda cha kukoboa kahawa jawabu si gumu sana. Mtafutie jirani aliye kama yeye kwa umri, kimo, chakula na mwinuko wa nchi, lakini asiyefanya kazi katika vumbi. Tofauti ya pumzi zao itakuwa ushahidi. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Norway wamekwisha kuwapima kwa spirometa wafanyakazi wa viwanda vya kahawa vya nchi hii, ya robusta na ya arabika; kazi ya namna hiyo hutafuta jirani huyo. Lakini kwa mwanamke wa mafigani utamtoa wapi jirani asiyepuliza moto? Jirani yake wa kulia apika kwa kuni, wa kushoto apika kwa kuni, mama yake alipika kwa kuni. Tukichukua wastani wa wanawake wa kijiji kizima tukauita kawaida, tumeuhesabu moshi kuwa sehemu ya maumbile ya mwanamke. Madhara yakimpata mmoja huitwa ugonjwa. Yakiwapata wote huitwa desturi. Hii ndiyo hatari ya kumpima mtu kwa watu wake tu: ule msiba walioushiriki wote hauna mtu wa kuushuhudia.

Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Masindi nchini Uganda, mwaka 2012 watafiti waliwapima watu wazima vijijini, na 588 kati yao wakatoa vipimo vilivyokubalika. Asilimia 16 na desimali 2 walionekana kuwa na ugonjwa wa kudumu wa kuzibana kwa mirija ya hewa, katika nchi ambayo karibu kila nyumba hupika kwa kuni. Watu hao hawakuanza kuugua siku ile chombo kilipofika. Walikuwa wakikohoa, wakipumzika katikati ya kilima, wakisema ni uzee, ni baridi, ni kazi. Chombo kiliwapa jina la jambo ambalo mazoea yalikuwa yamelinyima jina.

Itasemwa, na yapasa kusemwa, kwamba hoja hii ina upande wa pili. Miili ya watu haifanani kwa kweli. Wako wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na watu wawili wa kimo kimoja waweza kuwa na vifua visivyolingana bila ya mmoja wao kuwa mgonjwa. Tukimpima kila mtu kwa kipimo kimoja cha dunia, tutawaita wagonjwa watu walio wazima. Na kumwita mtu mgonjwa si jambo dogo: aweza kukataliwa kazi, aweza kunyimwa upasuaji ambao ungeyaokoa maisha yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ulikadiria kwamba kuacha kuhesabu taifa kungeongeza fidia ya askari wastaafu Weusi kwa zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka; na papo hapo ulionyesha kuwa wapo ambao wangeonekana hawafai kwa kazi zitakazo pumzi nyingi. Upanga ni mmoja, makali ni mawili. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa jedwali moja kwa wote ni haki na majedwali mengi ni dhuluma, tukanawa mikono.

Jawabu langu ni kwamba kosa halikuwa katika kulinganisha, bali katika kulinganisha bila ya kutaja sababu. Rangi ya mtu si sababu ya pumzi yake. Ni pazia lililotundikwa mbele ya sababu. Nyuma ya pazia kuna urefu wa kiwiliwili, kuna maziwa aliyoyapata au aliyoyakosa utotoni, kuna homa za kifua alizozipona nusu, kuna moshi, kuna vumbi, kuna mwinuko wa nchi. Baadhi ya mambo haya ni maumbile, na haki yadai kwamba mtu asihukumiwe kwa maumbile. Baadhi ni madhara, na haki yadai kwamba madhara yasiitwe maumbile. Mpimaji asemaye kwamba watu hawa ndivyo walivyo amekwisha kuyachanganya mambo ambayo kazi yake yote ilikuwa kuyatenga.

Kutokana na hayo yatoka mambo matatu yampasayo kila apimaye pumzi za watu. La kwanza, mtu alinganishwe na nafsi yake pale iwezekanapo: pumzi ya mchimba bati siku aliyoanza kazi ni shahidi bora wa pumzi yake baada ya miaka kumi kuliko jedwali lolote la ng'ambo. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 imeweka uchunguzi wa afya kwa wafanyakazi, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2008, umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2015. Lakini mchimbaji ajichimbiaye mwenyewe hana mwajiri wa kumwandikisha. Na mpishi wa nyumbani ameajiriwa na njaa ya watoto wake, mwajiri asiyelipa fidia. Hao ndio wasio na kipimo cha kwanza, na kwa hiyo hawana cha kulinganishia kipimo cha mwisho. La pili, pale mtu asipokuwa na kipimo cha zamani, alinganishwe na watu wasiopatwa na dhara lile, hata kama ni wa mbali. Na mpimaji aseme waziwazi amemlinganisha na nani. La tatu, tofauti ikionekana, isisahihishwe kwa kalamu kabla haijaulizwa kwa kinywa: umepika miaka mingapi, umechimba miaka mingapi, nyumba yako ina dirisha?

Kuna jambo jingine ambalo hutofautisha kipimo hiki na vipimo vingi. Damu hutolewa hata kwa mtu aliyezimia. Picha ya kifua hupigwa mtu akiwa kimya. Bali pumzi haipimwi ila kwa hiari na juhudi ya mwenyewe. Hubanwa pua kwa kibanio, hutia mrija kinywani, huambiwa avute hata asiweze kuvuta tena, kisha apulize kwa nguvu zake zote, aendelee kupuliza wakati moyo wamwambia nyamaza. Na hufanya hivyo mara tatu au zaidi, mpaka vipimo vilingane. Watu wa nchi ya migomba waujua mrija wa kunywea rubisi, ambao huleta; huu wa spirometa hutaka kupewa. Mtu asiyemwamini mpimaji hatapuliza kwa moyo wote, na tarakimu yake itakuwa ya uongo ingawa chombo ni kizima. Kwa hiyo uaminifu si pambo la kazi hii, ni sehemu ya chombo. Apimaye asiyemweleza apimwaye ampimia nini, ataka kumlinganisha na nani, na jawabu litatumiwa kumpa au kumnyima nini, ameiharibu mizani yake kwa mkono wake.

Tulisema kwamba spirometa hupimwa kwa bomba la lita 3 kabla ya kupima mtu. Yapasa jedwali nalo lipimwe, na bomba la kulipimia ni swali hili: wale mliowaita wa kawaida waliishi maisha gani? Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikaweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo likifikiwa au lisifikiwe, limekwisha kusema neno kubwa la maadili: kwamba moshi wa mafigani, ijapokuwa ni wa kila nyumba, si kawaida kwa maana ile ya pili, ni jambo litokealo, si jambo listahililo. Jedwali la pumzi halina ruhusa ya kusema kinyume chake.

Nasi tulio katika shule na vyuo, ambao kazi yetu ni maneno wala si mapafu, tunayo sehemu yetu. Neno kawaida lipitapo mbele yetu, katika taarifa ya tabibu, ya mwalimu au ya hakimu, tulisimamishe tuliulize limekuja kutoa habari au kutoa hukumu. Kuna mwanamke huko Kibingo ambaye siku moja ataambiwa kwamba pumzi zake ni za kawaida. Ana haki ya kuuliza: za kawaida kwa nani? Na aliyempima ana deni la jawabu.